Saa yangu ya kikompyuta ilivyotuumbua mkekani

Vuta kigoda tukae wote, maana wiki hii mwenye kasheshe ni mimi mwenyewe. Nimezoea kuwachambua wenzangu humu, leo kibao kimegeuka.

Naanza na swali. Hiyo saa uliyovaa mkononi, au hiyo iliyotundikwa ukutani kwako, inakosea sekunde ngapi kwa siku? Usikimbilie kunijibu eti "haikosei." Hata mimi nilikuwa najibu hivyohivyo, tena kwa kujidai, mpaka siku nilipowafuturisha watu saba kabla jua halijazama.

Basi bwana, ilikuwa mfungo wa Ramadhani wa mwaka 2024, mwezi wa tatu. Nyumba niliyopanga ni ile ya Magomeni ya kiswahili, vyumba vinatazamana, ua katikati. Mwezi ule wapangaji tulikuwa tunafuturu pamoja kwenye mkeka mmoja, kila chumba kinatoa chochote. Huyu uji wa pilipili manga, yule mihogo ya nazi, dada wa saluni analeta kaimati. Mimi kapera kazi yangu ilikuwa kununua tende na kuzila.

Sasa kila jioni kulikuwa na ubishi. Misikiti ya karibu ipo minne, na kila muadhini ana saa yake. Wa kwanza anaanza, wa pili anafuata baada ya dakika nzima, wa nne anaadhini wenzake wameshamaliza. Hapo mkekani ni vurugu tupu. Huyu anasema yeye anafuata msikiti wa kona, yule anasema hagusi kitu mpaka asikie wa barabarani. Na jua lenyewe utalionea wapi, ua umezungukwa na kuta na masika imeshaanza kujaza mawingu?

Mimi nikaona hapo ndipo pa kupatia ujiko. Nikasimama katikati ya ua nikatangaza, "Jamani, ubishi kwisha! Nawatengenezea saa ya kikompyuta. Itapiga king'ora dakika ileile ya magharibi, si kabla wala baada."

Dada wa saluni akapiga vigelegele. Bibi wa chumba cha mbele, aliyenizidi kama miaka hamsini hivi, akasema, "Mjukuu wangu kasoma huyu." We! Nikavimba kichwa.

Kwa wasiojua, kuna bodi ndogo za umeme zinazoenea kiganjani, zenye kompyuta nzima ndani ya chipu moja. Maarufu kuliko zote ni Arduino, iliyoanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wasio mafundi wa umeme nao waweze kubuni vitu vyao. Unaandika programu kwenye kompyuta, unaiingiza kwenye bodi kwa waya wa USB, halafu bodi inafanya ulichoiamuru. Iwashe taa, ipime joto, ipige king'ora, kazi kwako. Mimi ninayo kopi yake, ya aina ya Uno. Nikaongeza taa nyekundu za kuonyesha tarakimu na king'ora cha pikipiki, nikanakili nyakati za magharibi kutoka kwenye kalenda ya Ramadhani, nikaanza kuandika programu.

Programu ya kwanza ilikuwa ya kitoto. Niliiambia bodi: ngoja milisekunde 1,000, ongeza sekunde moja, onyesha kwenye taa, kisha rudia. Umeona kosa? Kule kuonyesha kwenye taa nako kunachukua muda. Kwangu zilikuwa kama milisekunde 12. Unaweza kusema milisekunde 12 ni nini, hata kope haijafunga. Lakini siku ina sekunde 86,400. Zidisha uone: saa ilikuwa inachelewa dakika 17 kwa siku!

Hilo nililigundua mapema nikalirekebisha. Bodi ina kihesabio chake kinachokwenda chenyewe kwa ndani, chenyewe hakijali unafanya nini kingine. Nikaacha kuiambia ingoje. Nikaiambia iwe inachungulia kihesabio, na kila zikitimia milisekunde 1,000 tangu sekunde iliyopita iongeze moja. Hapo nikajipiga kifua. Jumamosi saa 2 usiku nikailinganisha na simu yangu, sekunde kwa sekunde, nikaiacha chumbani iendelee kutembea. Sikuiangalia tena. Ya nini kuiangalia kompyuta?

Jumatano alasiri nikaitoa uani nikaitundika kwenye msumari. Tarakimu nyekundu zinang'aa, sekunde zinakimbia, watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Mkekani tulikuwa watu tisa. Kalenda ilisema magharibi ni kama saa 12.34. Tukatulia, macho yote kwa saa yangu, sufuria ya uji inafuka moshi.

King'ora kikalia! Watu "Bismillahi," tende mdomoni. Bibi akapokea kikombe cha uji akapiga funda mbili. Mimi nikashusha tende tatu kwa mpigo kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Mtu mmoja tu hakula. Mzee mwenye nyumba alikuwa ameshika tende yake mkononi, anakitazama kisaa chake cha Casio, kile cha plastiki cheusi cha F-91W ambacho nusu ya dunia imewahi kukivaa.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "hii yangu inasema saa 12 na dakika 28."

Na mimi kwa ujinga wangu nikamjibu mbele za watu, "Mzee shikamoo yako, lakini hicho cha plastiki kimechoka. Hii ni kompyuta."

Mzee hakubishana. Alirudisha tende sahanini akatulia.

Mpenzi msomaji, hakuna dakika ndefu kama zile sita. Muadhini wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Dada wa saluni akaacha kutafuna. Mimi mchecheto umenishika, nazuga kama narekebisha waya. Ndipo adhana ikaanza, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikikisemesha kile kisaa cha plastiki, "umesema kweli." Mzee akasema Bismillahi, akala tende yake.

Bibi akaweka kikombe chini. Hakunifokea. Alisema tu, "Basi sisi leo tumekula mchana."

Afadhali angenipiga kibao. Ingekuwa umeme ulikatika ningepata pa kujificha, lakini siku zile nne haukukatika hata dakika. Usiku baada ya tarawehe tukaenda kumuuliza shehe wa mtaa. Akatutuliza kwamba dhambi haipo, kwa kuwa tulidhani kweli jua limezama, lakini saumu ya siku ile ilipwe baada ya Ramadhani. Watu wanane, siku nane za kulipa. Kwangu siku moja si kitu, nina umri wa kupiga soka na njaa. Kwa Bibi siku moja ya joto la Dar si mchezo, na alikuwa ameshaimaliza ile yake mpaka dakika sita za mwisho.

Nikaingia chumbani, nikailaani bodi. Kesho yake nikaibeba hadi Kariakoo kwa mshikaji wangu mmoja, fundi wa redio na simu. Nikamwaga malalamiko yote: kopi mbovu, nimeuziwa kimeo.

Fundi akaniuliza swali moja tu: "Inakimbia sekunde ngapi kwa siku?"

Sikuwa na jibu.

"Sasa unalalamika nini? Nenda kaipime kwanza."

Nikaenda kuipima. Nikailinganisha na simu iliyounganishwa na intaneti usiku saa 2, kesho yake saa 2 nikaitazama tena. Ilikuwa mbele kwa sekunde 95. Zidisha kwa zile siku karibu nne kutoka Jumamosi hadi Jumatano, unapata dakika sita na ushee. Mwizi kapatikana.

Niliporudi, fundi akachukua lenzi akaniita. "Unakiona hiki kibati kinachong'aa karibu na tundu la USB?"

"Nakiona. Hicho si ndicho cha kwatzi? Ndiyo maana nilikuwa na imani."

Akacheka. "Ni cha kwatzi kweli, lakini ni cha chipu inayoshughulika na USB. Chipu yako kubwa inayohesabu saa inapigiwa ngoma na hiki hapa." Akanionyesha kitu kidogo kama punje ya mchele. "Hii ni resoneta ya kauri. Hata michoro ya Uno ya toleo la R3 inaonyesha hivyohivyo, kwatzi kwa USB, kauri kwa chipu kuu."

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo penye siri ya saa zote za umeme. Chipu haijui sekunde ni nini. Inachojua ni kuhesabu mapigo. Mimi nimeiambia kwamba mapigo milioni 16 ni sekunde moja, nayo inaniamini. Anayepiga ngoma akiwa na haraka, akapiga mapigo 17,600 zaidi katika kila sekunde ya kweli, chipu itahesabu vizuri kabisa na bado jibu litakuwa si sahihi. Hesabu sahihi, ngoma ya haraka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nadhani waliiona bodi yangu.

Na je, resoneta ile ni mbovu? Hata kidogo. Resoneta ya kauri ya aina ile huruhusiwa kukosea hadi asilimia 0.5, sawa na sekunde 432, yaani dakika 7 na sekunde 12 kwa siku. Yangu ilikosea asilimia 0.11. Kwa kazi za kawaida za bodi, kama kuwasha taa au kuongea na kompyuta kwa waya, hilo halimsumbui mtu. Mwenye kosa ni mimi niliyeipa kazi ya muadhini bila kuisaili.

Sasa kile kisaa cha Mzee? F-91W iliingia sokoni mwaka 1989, na kiwango chake cha kukosea ni sekunde 30 kwa mwezi, sawa na sekunde moja kwa siku. Kompyuta yangu ingekosea dakika 47 kwa mwezi. Plastiki imeishinda kompyuta mara tisini na tano! Na mimi nilimwambia Mzee kisaa chake kimechoka. Aibu yangu.

Siri ya Casio ni kile kijiwe cha kwatzi. Kwatzi ni jiwe lenye tabia ya ajabu, ukilibana linatoa umeme, ukilipa umeme linatikisika. Hilo la kutoa umeme waligundua ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Mwaka 1927 Warren Marrison na mwenzake wa maabara ya Bell kule Marekani wakatengeneza saa ya kwanza ya kwatzi. Ilichukua miaka mingi kuifanya ienee mkononi. Seiko ya Japani ndiyo iliyotoa ya kwanza sokoni, Desemba 25, 1969, ikaitwa Astron, na bei yake ilikuwa yeni 450,000, pesa ya kununulia gari. Leo unapata saa ya kwatzi kwa bei ya sahani chache za wali maharage.

Kwenye saa nyingi kijiwe hicho hukatwa kwa umbo la uma mdogo, kikatikisika mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini tarakimu hiyo ya ajabu? Igawe kwa mbili, kisha jibu ligawe tena kwa mbili, fanya hivyo mara 15, unabaki na moja kamili. Na kugawa kwa mbili ndiyo kazi ambayo chipu inaiweza kuliko zote.

Haya, turudi kwenye tiba, maana najua kuna vijana wenzangu wenye bodi kama yangu wanaotaka kutengeneza kengele ya tuisheni, taimu ya mashine ya kutotolea vifaranga au ya pampu ya maji. Tiba nilizopewa ni tatu.

Ya kwanza ni ya bure: pima, kisha sahihisha. Kama saa inakimbia sekunde 95 kwa siku, iamuru programu iruke sekunde moja kila baada ya sekunde 909. Ila usipime kwa saa moja ukaridhika. Kidole chako kikichelewa nusu sekunde katika kipimo cha saa moja, ukizidisha kwa saa 24 umeshajidanganya sekunde 12 kwa siku. Kosa hilohilo la kidole ukiligawa kwa siku kumi linakuwa kama halipo. Mimi niliipima siku tatu nikasahihisha. Matokeo? Kutoka sekunde 95 hadi sekunde kama 10 tu kwa siku. Safi, lakini haikutulia. Leo mbele sekunde 8, kesho nyuma 11. Fundi akasema ni joto. Bati la chumba changu mchana linachoma, usiku likipigwa na mvua linapoa, na kauri inabadili mwendo kwa joto. Huwezi kusahihisha kwa namba moja kitu kinachobadilika kutwa mara mbili.

Tiba ya pili ni kuinyang'anya bodi kazi ya kutunza saa na kumpa mwenye fani yake. Kuna chipu za saa, wauzaji wanaziita RTC, zenye kwatzi na betri ya kidonge, ili umeme ukikatika saa isipotee. Ya bei poa ni DS1307, ambayo hutegemea kijiwe cha nje. Hiyo ni nzuri, ila kumbuka uma wa kwatzi hutengenezwa uende sawa kwenye joto la nyuzi 25 hivi. Ukizidi joto unachelewa, ukizidi baridi unachelewa pia. Kwenye nyuzi 45 chini ya bati unapoteza zaidi ya sekunde moja kwa siku.

Bingwa ni DS3231. Hii kijiwe chake kimo humohumo ndani ya chipu pamoja na kipimajoto. Kila sekunde 64 inajipima joto na kujirekebisha mwendo. Kati ya nyuzi 0 na 40 mtengenezaji anaahidi kosa lisilozidi sehemu mbili katika milioni, ambayo ni kama dakika moja kwa mwaka mzima. Mwaka mzima, msomaji! Mimi nilikosea dakika sita kwa siku nne.

Tahadhari moja kabla hujakimbilia dukani. Vibodi vingi vya bei rahisi vinavyobeba chipu hiyo vina njia ya kuchaji betri. Ukiweka betri ya CR2032, ambayo si ya kuchaji, halafu ikachajiwa kutwa kucha, inaweza kuvimba au kuvuja. Fundi wangu aliing'oa rezista moja ya njia hiyo ndipo akaweka betri. Kama hujui ipi, usibahatishe, mwone fundi.

Tiba ya tatu ni kuwa na mkubwa wa kumuuliza. Hata DS3231 ni lazima mtu aiambie saa ngapi mwanzoni, na ukiiambia uongo itautunza uongo huo kwa uaminifu mkubwa. Mkubwa mmoja yuko mtandaoni. Kuna kompyuta zinazotoa saa kwa yeyote anayeuliza, kwa utaratibu uitwao NTP, ambao Mmarekani David Mills aliuanzisha miaka ya 1980. Bodi zenye waifai, kama ESP32, zinajiuliza zenyewe. Mkubwa mwingine yuko angani. Kila setilaiti ya GPS ina saa za atomu, na kipokezi chake kinaweza kukupa pigo moja kila sekunde lisilokosea hata milioni moja ya sekunde. Ila ukikiwasha kwa mara ya kwanza kipe muda. Saa ya GPS yenyewe, tangu mwaka 2017, iko mbele ya saa ya dunia kwa sekunde 18, na kipokezi kinaweza kuchukua dakika 12 na nusu kupata taarifa ya kuziondoa. Usiwe na papara kama mimi.

Nikachagua DS3231, nikiilinganisha na simu kila Ijumaa. Siku ishirini zikapita, bodi na simu hazijaachana hata sekunde mbili. Nilitaka kurukaruka, lakini safari hii nikajikaza. Kwanza nikaenda kwa Mzee.

"Shikamoo Mzee. Nimekuja kuomba radhi kwa maneno yale ya siku ile."

"Marahaba mwanangu. Yapi, ya plastiki?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia neno ambalo sikulipata Kariakoo wala kwenye intaneti. "Unajua, saa ikikimbia dakika tano wakati wa daku, haina neno. Mtu ataacha kula mapema kidogo, basi. Ikikimbia dakika tano wakati wa futari, imekula saumu ya mtu. Kosa ni lilelile, hasara si ileile. Sasa wewe uliweka king'ora upande gani?"

Nilibaki mdomo wazi. Siku zote nilikuwa nasaka saa isiyokosea. Mzee aliniuliza ikikosea itamuumiza nani. Nikarudi kwenye programu. Cha daku nikakisogeza dakika mbili mapema, cha futari nikakichelewesha dakika mbili. Halafu nikabandika karatasi chini ya saa: "Ililinganishwa tarehe fulani. Inaweza kukosea sekunde mbili." Dada wa saluni akanicheka, eti saa gani inajitangazia ubovu. Nikamwambia dada yangu, hiyo ndiyo saa ya kuamini. Ile ya kwanza haikukiri kosa hata sekunde moja, na wewe una deni la saumu.

Tulilipa deni mwezi wa Mfunguo Mosi, baada ya Idi. Bibi alichagua siku yake, nami nikachagua hiyohiyo. Kumfungia mtu aliye hai huwezi, lakini kukaa naye na njaa ileile unaweza. Mchana ule jua lilikuwa kali. Alasiri nilimkuta amejilaza barazani, kanga kichwani, midomo imemkauka. Sikusema kitu, nikampepea.

Jioni tukakaa mkekani wachache. Mzee akaja na Casio yake, ingawa yeye hakuwa na deni. Ikafika saa 12.22, dakika mbili zikapita, king'ora kikalia. Mzee akatazama mkono wake, akatikisa kichwa kukubali. Nikamsogezea Bibi sahani ya tende.

Bibi akachukua moja, akaishika tu.

"Bibi, kula. Safari hii ni kweli, muulize hata Mzee."

"Najua, mjukuu wangu. Saa yako nzuri," akasema, akiwa ametega sikio upande wa msikiti wa kona. "Lakini na mimi nina masikio."

Tukasubiri. Hazikutimia sekunde ishirini, muadhini akaanza. Hapo ndipo alipokula.

Haya mpenzi msomaji, wiki hii naishia hapo. Kabla hatujaonana tena nakupa kazi ndogo: ilinganishe saa yako leo, ilinganishe tena baada ya wiki, ujue inakosea kiasi gani na upande gani. Ukiona inakimbia, usiilaani, na usimwambie mzee wako kwamba yake imechoka. Panapo majaaliwa, tukutane wiki ijayo. Wasalaam.